Picha Haisemi Peke Yake: Maneno Chini ya Picha za Kandanda ya Uingereza

0. Utangulizi

Katika lugha ya Kiswahili kitenzi "kupiga" hubeba mizigo mingi. Mchezaji hupiga mpira, mwamuzi hupiga filimbi, watazamaji hupiga makofi na kelele, na mtu anayechutama kando ya uwanja na kamera yake hupiga picha. Msemaji wa Lubumbashi au wa Bukavu atasema kwamba amepiga foto. Katika matendo hayo yote, la mwisho peke yake ndilo linaloacha kitu cha kushikwa mkononi. Mpira hutua, filimbi hunyamaza, makofi hukoma, bali picha huweza kutazamwa miaka mia moja baadaye na watu ambao hawakuwako uwanjani, wasiojua lugha ya wachezaji, wala wasiowahi kukanyaga nchi yao.

Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba picha ni shahidi asiyehitaji mkalimani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Yanachukua picha chache mashuhuri za kandanda ya Uingereza na kuuliza swali moja juu ya kila picha: ni jambo gani ambalo jicho haliwezi kuliona humo, na ambalo maneno peke yake ndiyo yanayoweza kulileta? Uingereza imechaguliwa kwa kuwa chama chake cha kandanda kiliundwa mwaka 1863, na Kombe la FA likaanza kushindaniwa katika msimu wa 1871-1872. Tangu hapo mchezo huo na kamera vimekua pamoja. Neno "maelezo" katika makala haya lina maana ya mstari mmoja au miwili ichapwayo chini ya picha. Ni matini fupi sana, na pengine kwa ufupi wake hupuuzwa na wachambuzi wa lugha. Lakini, kama itakavyoonekana, matini hiyo fupi imewahi kumwinua mnyama mmoja juu ya wenzake, na imewahi kuwanyima wafu haki yao.

1. Picha inayozaa jina: Wembley, 1923

Tarehe 28 Aprili 1923 uwanja wa Wembley, mjini London, ulipokea mchezo wake wa kwanza, yaani fainali ya Kombe la FA kati ya Bolton Wanderers na West Ham United. Watu walifurika kupita uwezo wa uwanja. Hesabu rasmi ilikuwa watu 126,047, lakini wengi wengine waliingia kwa kuruka kuta na kusukuma milango, wasihesabiwe. Umati ulizifunika nyasi hata mahali pa kuchezea pakatoweka kabisa. Ndipo askari wapanda farasi walipoanza kuwarudisha watu nyuma polepole, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mistari ya kando. Mchezo ulichelewa kwa muda wa dakika 45 hivi, na mwishowe Bolton ikashinda kwa mabao 2 kwa 0.

Picha za siku hiyo zinaonyesha bahari ya kofia, na katikati yake farasi mmoja anayeng'aa, amepandwa na konstebo aitwaye George Scorey. Farasi huyo jina lake Billie. Kwa ajili yake Waingereza waliiita siku ile "Fainali ya Farasi Mweupe", na jina hilo halikufutika. Uwanja wa zamani ulipobomolewa na mpya kufunguliwa mwaka 2007, daraja la waenda kwa miguu lililo karibu nao lilipewa jina la Farasi Mweupe.

Hata hivyo Billie hakuwa mweupe. Alikuwa wa kijivu. Filamu na picha za zamani zile, ambazo hazikujua rangi ila nyeusi na nyeupe, zilimng'arisha mbele ya makoti meusi ya umati. Tena hakuwa peke yake: farasi wengine wa polisi walifanya kazi ileile, ila rangi yao iliwazamisha ndani ya watu. Basi picha haikulinakili tukio tu, bali ilizaa jina; na jina, likisha kuzaliwa, likaamua ni nani atakumbukwa na nani atasahauliwa. Mwanafunzi wa isimu atatambua hapa njia ya kawaida ya lugha, ambapo sehemu moja ya kitu husimama badala ya kitu kizima. Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Farasi mweupe naye ameundwa: nusu kwa kemia ya filamu, nusu kwa neno.

2. Picha isiyojua kesho: Belgrade, 1958

Picha ya pili ni tulivu kabisa. Wachezaji 11 wa Manchester United wamesimama katika safu moja, mjini Belgrade, tarehe 5 Februari 1958, kabla ya mchezo wa robo fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya dhidi ya Red Star. Mtu asiyejua habari zake ataipita bila kusimama, kwani kila timu duniani ina picha ya namna hiyo. Mchezo uliisha kwa sare ya mabao 3 kwa 3, na kwa kuwa Manchester ilikuwa imeshinda 2 kwa 1 katika mchezo wa kwanza, ilipita kuingia nusu fainali.

Siku iliyofuata, ndege iliyokuwa ikiwarudisha nyumbani ilitua Munich ili kujaza mafuta. Iliposhindwa kuruka mara mbili, ilijaribu mara ya tatu katika njia iliyotapakaa theluji iliyoyeyuka nusu, ikapita mwisho wa njia na kuanguka. Watu 23 walikufa, wakiwamo wachezaji 8. Kati ya wale 11 wa picha, watano walipoteza maisha: nahodha Roger Byrne, Eddie Colman, Mark Jones, Tommy Taylor na Duncan Edwards. Huyu wa mwisho, mwenye umri wa miaka 21, alipigania uhai hospitalini kwa siku 15, akafariki tarehe 21 Februari. Wengine watatu waliokufa, Geoff Bent, David Pegg na Liam Whelan, hawamo katika safu ile kwa kuwa hawakucheza siku hiyo.

Ni nini basi kilichobadilika katika picha? Hakuna. Nuru ni ileile, nyuso ni zilezile. Kilichobadilika ni maelezo yake. Maneno ya asubuhi ya tarehe 6 Februari yangetosha kuwa "Manchester United kabla ya mchezo". Maneno ya jioni yalilazimika kuwa "safu ya mwisho". Wakati wa kitenzi umegeuka, na kwa kugeuka kwake kila jicho linalowatazama vijana wale linatafuta katika nyuso zao dalili ambayo haimo. Tena maneno hayo yanaweza kufika mbali zaidi. Bobby Charlton na Bill Foulkes, waliosimama katika safu hiyo na kunusurika, walikuwa uwanjani Wembley tarehe 29 Mei 1968, miaka 10 baadaye, Manchester United ilipoishinda Benfica 4 kwa 1 na kulitwaa kombe lile ambalo wenzao walikuwa wakilitafuta. Charlton alifunga mabao mawili. Alipofariki mwaka 2023 ndiye aliyekuwa wa mwisho kati ya wachezaji walionusurika Munich. Tangu hapo hakuna aliyebaki katika picha awezaye kueleza walizungumza nini walipokuwa wakingoja mpira kuanza.

3. Picha inayoficha matokeo: 1966, 1970 na 2006

Picha ya Bobby Moore ya tarehe 30 Julai 1966 ndiyo pengine inayojulikana kuliko zote. Nahodha wa Uingereza amebebwa mabegani na Geoff Hurst na Ray Wilson, naye ameinua juu Kombe la Dunia baada ya Ujerumani Magharibi kushindwa 4 kwa 2 katika muda wa nyongeza. Mwaka 2003 mchongaji Philip Jackson aliigeuza picha hiyo kuwa sanamu ya shaba, iliyosimamishwa karibu na uwanja wa zamani wa West Ham, klabu ya Moore, ya Hurst na ya Martin Peters, ambaye naye yumo katika sanamu.

Picha hii yaonekana kusema kila kitu, kwa kuwa aliyeinua kombe ndiye mshindi. Lakini hata hapa kuna lisiloonekana. Bao la tatu la Uingereza, lililopigwa na Hurst, liligonga mwamba wa juu, likashuka chini na kurudi uwanjani. Mwamuzi Gottfried Dienst wa Uswisi alimwendea mshika kibendera Tofiq Bahramov, mwenyeji wa Azerbaijani katika Umoja wa Kisovieti wa siku zile, ndipo bao likakubaliwa. Picha na filamu za mpira ule zimetazamwa na kurudiwa kwa miaka mingi, na ubishi haukuisha. Kumbe wingi wa picha si lazima ulete ukweli mwingi.

Miaka minne baadaye, tarehe 7 Juni 1970, mjini Guadalajara nchini Mexico, mpiga picha John Varley alimkuta Moore akiwa pamoja na Pelé wa Brazil. Mchezo umekwisha. Wote wawili wamevua jezi ili wabadilishane. Vifua vi wazi, nyuso zina tabasamu, mkono wa mmoja unamgusa mwenzake. Mtu ambaye hakuambiwa matokeo hawezi kuyakisia. Kwa hakika Brazil ilishinda 1 kwa 0 kwa bao la Jairzinho. Katika mchezo huo kipa Gordon Banks aliuokoa mpira wa kichwa wa Pelé kwa namna inayozungumzwa hata leo, na Moore aliwazuia washambuliaji kwa ustadi mkubwa, lakini alishindwa. Maelezo yanayotaja matokeo huigeuza picha: tabasamu la Moore huacha kuwa tabasamu la mtu yeyote, likawa la mtu aliyeshindwa ambaye bado anamheshimu aliyemshinda. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, na uzuri huo haupatikani bila tarakimu mbili.

Mfano mwingine unamhusu mzaliwa wa Kinshasa. Lomana LuaLua, aliyezaliwa mwaka 1980, alichezea Colchester United, Newcastle United na Portsmouth, na kila alipofunga bao alipinduka angani, miguu juu na kichwa chini. Wapiga picha walimngoja, na magazeti yakajaa picha za mwili wake ukiwa umening'inia hewani kana kwamba dunia haikuwa na uzito. Katika picha LuaLua hatui kamwe. Lakini mwezi wa Aprili 2006, baada ya kuifungia Portsmouth bao dhidi ya Arsenal, alitua vibaya na kuumia kifundo cha mguu. Furaha na maumivu vilitenganishwa na nusu ya sekunde, na kamera ilichagua furaha.

4. Picha isiyomwonyesha mkosaji: Goodison Park, 1988

John Barnes alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1963. Alitoka Watford akajiunga na Liverpool mwaka 1987, na katika msimu wake wa kwanza klabu ikawa bingwa wa Uingereza, naye akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka. Katika msimu huohuo, mwaka 1988, katika uwanja wa Goodison Park wa klabu ya Everton, mpiga picha Bob Thomas alimkamata Barnes akiwa anakipiga kwa kisigino kitu kilicho chini ya miguu yake ili kitoke uwanjani. Kitu hicho ni ndizi.

Yafaa kuitazama picha hii kwa macho ya msomaji wa Kivu au wa Katanga ambaye hakuambiwa lolote. Kwake ndizi ni chakula. Huliwa mbivu, hupikwa mbichi, hugeuzwa pombe. Penye migomba pana watu na pana riziki. Msomaji huyo atadhani kwamba mtazamaji mzembe ametupa mabaki ya chakula chake, na mchezaji mwangalifu ameyaondoa asije mtu akateleza. Hakuna katika picha ile kinachoweza kumkatalia dhana hiyo. Wala hataona chuki, kwa kuwa chuki haikupigwa picha.

Maneno ndiyo yanayopaswa kumweleza kwamba katika viwanja vya Uingereza vya miaka ile ndizi ilitupwa kwa wachezaji weusi, pamoja na kelele za kuiga nyani, ili kusema kwamba hao si watu. Tusi hilo halikutamkwa kwa neno lolote. Lilitamkwa kwa tunda. Na kama lugha nyingine zote, lugha hiyo ovu ilikuwa na msimbo wake: asiyeujua msimbo haoni tusi. Kwa hiyo maelezo yakisema tu kwamba "Barnes aondoa ndizi uwanjani", hayakusema uwongo, lakini yameificha maana yote. Yakisema kwamba Barnes alitukanwa kwa rangi yake, akajibu kwa kisigino na kuendelea kucheza, yamemrudishia ushindi wake.

Jambo la pili ni kwamba aliyetupa hayumo. Mipaka ya picha imemwacha nje, salama, bila sura na bila jina. Picha za ubaguzi mara nyingi huwa hivyo: aliyetendewa huonekana, mtendaji hutoweka. Hata sarufi hushirikiana na kamera. Mwandishi anayesema "ndizi ilitupwa" ametumia kauli ya kutendwa, na kauli hiyo imemfuta mtendaji kama mipaka ya picha ilivyomfuta. Kuandika "mtazamaji alimtupia ndizi" ni kumrudisha mtu huyo mahali pake, hata kama jina lake halitajulikana milele.

5. Picha na maneno ya uwongo: Hillsborough, 1989

Mfano wa mwisho ni mzito kuliko yote. Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, Liverpool na Nottingham Forest zilikutana katika nusu fainali ya Kombe la FA. Mashabiki wa Liverpool walielekezwa katika vizimba vilivyokwisha kujaa, nyuma ya wavu wa chuma uliowatenganisha na uwanja. Watu walibanwa hata wakakosa pumzi. Mchezo ulisimamishwa katika dakika ya sita. Kwa jumla watu 97 walipoteza maisha yao kutokana na siku hiyo. Wa mwisho alifariki mwaka 2021.

Picha zilikuwa nyingi. Baadhi zilionyesha nyuso zilizogandamizwa juu ya wavu, na magazeti yaliyozichapa yalilaumiwa na watu wengi, kwa kuwa ndugu wangeweza kumtambua mtu wao akiwa katika dakika zake za mwisho. Nyingine zilionyesha vijana wakikimbia uwanjani na mbao za matangazo walizozing'oa. Picha hizi za pili zinastahili kufikiriwa sana. Jicho linaona vijana, mbao zilizong'olewa, askari waliosimama, vurugu. Kwa macho hayo tu mtu angeweza kuandika "wahuni waharibu uwanja". Lakini mbao zile zilikuwa machela. Mashabiki waliwalaza wenzao juu yake na kuwabeba mbio kwa kukosa msaada mwingine.

Maneno ya uwongo hayakukawia. Saa ileile mkuu wa polisi uwanjani alidai kwamba mashabiki walilivunja lango na kuingia kwa nguvu, hali lango lilifunguliwa kwa amri yake mwenyewe. Tarehe 19 Aprili gazeti la The Sun lilichapa katika ukurasa wa kwanza, chini ya kichwa chenye maana ya "Ukweli", madai kwamba mashabiki waliwaibia wafu na kuwashambulia waokoaji. Madai hayo yalikuwa ya uwongo. Gazeti hilo liliomba radhi waziwazi mwaka 2012, na mjini Liverpool watu wengi wameendelea kukataa kulinunua.

Ripoti ya jaji Taylor ilikwisha kutamka katika mwaka uleule wa 1989 kwamba sababu kuu ilikuwa kushindwa kwa polisi kuutawala umati, na ripoti yake ya mwisho ya mwaka 1990 ikasababisha viwanja vikubwa vya Uingereza kuwekwa viti vitupu. Lakini maneno ya kwanza yalikuwa yamekwisha kushika. Familia zilidai haki mwaka baada ya mwaka. Jopo huru lilichapisha nyaraka zilizofichwa mwaka 2012, na mwezi wa Aprili 2016 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba marehemu 96 waliohesabiwa wakati huo waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuwa na hatia. Ilichukua miaka 27 kuibadili sentensi moja chini ya picha zilezile.

6. Tamati

Mifano hii yaonyesha kwamba kila picha ina upungufu wake. Ya Wembley ilikosa rangi, ya Belgrade ilikosa kesho, ya Guadalajara ilikosa matokeo, ya Goodison Park ilimkosa mtendaji, na za Hillsborough zilikosa sababu. Kuzijaza nafasi hizo ni kazi ya lugha, na anayeifanya hana budi kujiuliza maswali manne: ni nani waliomo, kwa majina yao? Ni wapi na tarehe gani? Ni nani aliyeachwa nje ya mipaka ya picha? Ni jambo gani lililotangulia, na lipi lililofuata? Mwandishi au mfasiri wa Kiswahili ataongeza swali la tano, kama lilivyoonekana katika ndizi ya Barnes: je, msomaji wake anaujua msimbo, au anahitaji kufumbuliwa?

Kazi hiyo haiko Uingereza tu. Klabu ya Lubumbashi iliyoitwa Englebert, leo Mazembe, ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967 na tena mwaka 1968. Vijana wa siku zile ni wazee sasa, na wengine wamekwisha kututangulia. Mwanafunzi atakayeikuta foto ya timu ya zamani ukutani kwa babu yake, iwe ya klabu kubwa au ya mtaa, na achukue kalamu aulize majina, kutoka kushoto hadi kulia, ayaandike nyuma yake pamoja na mwaka. Babu akiisha kuondoka, foto itabaki na nyuso 11 zisizoitika.